Kupiga .22 LR kwa bunduki ya .223: jinsi ya kutumia seti ya kubadilishia

Bunduki ya kaliba .223 Remington au 5.56 NATO hula risasi za gharama, hupiga kelele kubwa, na viwanja vingi vidogo vya shabaha haviruhusu itumike. Seti ya kubadilishia huondoa vikwazo hivyo kwa muda. Unatoa bolti ya asili, unaingiza bolti ya seti, unabadilisha magazini, na bunduki ileile inaanza kupiga .22 LR (.22 Long Rifle), risasi ndogo ambayo watu wengi wameanza nayo kujifunza shabaha. Kifyatulio hakibadiliki. Kitako, kizuizi cha usalama na vilengeo ni vilevile ambavyo mikono na macho yako yamevizoea.

Naziamini seti hizi kwa mazoezi, na ningependa kila mwenye bunduki ya aina hii awe nayo. Ila wengi huivunjia heshima yake kwa kuilisha risasi isiyoifaa, kisha kurudi kwenye risasi kubwa bila kusafisha chemba. Kosa la kwanza hukuletea kukwama tu. La pili linaweza kuleta hatari, na ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu usafi.

Maelezo mengi hapa yanafuata bunduki za muundo wa AR-15, zinazojipakia na zenye mwili wa sehemu mbili, wa juu na wa chini, kwa kuwa ndizo zenye seti nyingi zaidi. Bunduki za bolti ya kuvutwa kwa mkono nitazigusia baadaye.

Kinachofanya jambo hili liwezekane

Risasi ya .223 ina fataki yake katikati ya kitako cha ganda, kikombe kidogo kinachogongwa na pini. Risasi ya .22 LR haina kikombe hicho. Kemikali yake ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga ukingoni. Ni teknolojia ya zamani: Louis-Nicolas Flobert wa Ufaransa ndiye anayetajwa kuianzisha mwaka 1845, Smith & Wesson wakatoa .22 Short mwaka 1857, na kampuni ya Stevens ikaleta .22 Long Rifle mwaka 1887. Hapa nitaziita risasi ya ukingo na risasi ya kati.

Kwa bahati njema, vipenyo vyake vinakaribiana sana. Kichwa cha .223, yaani kipande kinachoruka kutoka mtutuni, kina kipenyo cha milimita 5.69, na cha .22 LR ni takriban milimita 5.7. Kwa hiyo mtutu wa .223 unaweza kupitisha kichwa cha .22 LR bila kubadilishwa. Kinachokosekana ni chemba ya kulishika ganda dogo na pini inayogonga ukingoni. Hivyo viwili ndivyo seti inavyovileta.

Mbele ya seti kuna kipande cha chuma chenye umbo la ganda la .223, na ndani yake kumetobolewa chemba ya .22 LR. Kipande hiki hukaa ndani ya chemba ya bunduki kama vile risasi kubwa ingekaa. Nyuma yake kuna bolti ndogo inayoteleza juu ya reli, ikiwa na springi yake yenyewe. Haijifungi kwa meno kama bolti ya asili. Uzito wake na nguvu ya springi vinatosha kuizuia mpaka kichwa kitoke mtutuni, kisha nguvu inayobaki inaisukuma nyuma, ganda linatolewa na risasi nyingine inapandishwa. Hilo linawezekana kwa sababu shinikizo ni dogo. Kikomo cha .22 LR kwa viwango vya Marekani ni psi (pauni kwa inchi mraba) 24,000, ilhali .223 inafika psi 55,000. Mfumo wa gesi wa bunduki haushiriki.

Wazo lenyewe ni la zamani pia. Waingereza walikuwa na bomba la Morris katika miaka ya 1880, mtutu mwembamba ulioingizwa ndani ya mtutu wa bunduki ya kijeshi kwa ajili ya mazoezi ya karibu. Colt walianza kuuza seti ya .22 kwa bastola yao ya 1911 mwaka 1938. Jeshi la Marekani nalo likatumia seti iliyoitwa M261 kwa ajili ya bunduki yake ya M16. Majeshi hayakufanya hivyo kwa mapenzi ya risasi ndogo. Yalitaka askari wapige risasi nyingi kwa gharama ndogo bila kusafiri mpaka uwanja mkubwa, na hiyo ni sababu yako wewe pia.

Kabla ya kununua

Anza na sheria ya nchi yako. Katika baadhi ya nchi seti ni kipuri tu, na katika nyingine inahesabiwa kuwa sehemu ya silaha na inahitaji kibali, au kaliba ya pili lazima iandikwe kwenye leseni. Usidhani pia kwamba kuweka seti ya .22 kunaibadilisha bunduki yako kisheria. Mwili wake bado ni wa bunduki ya risasi ya kati, na mara nyingi sheria huutazama mwili huo. Ofisi inayotoa leseni ndiyo yenye jibu, na jibu lake lipatikane kabla ya kulipa.

Kisha soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Ukikuta .223 Remington, 5.56 au .223 Wylde, uko salama. Ukikuta .300 Blackout au 7.62x39, achana na seti hii: mtutu ule una upana wa karibu milimita 7.8, na kichwa cha .22 kitapita kikigongagonga kuta bila kushikwa na chochote.

Tazama pia msokoto, yaani umbali ambao mifereji ya ndani ya mtutu inatumia kukamilisha duara moja. Mitutu iliyotengenezwa kwa .22 LR huwa na duara moja kila inchi 16. Bunduki za AR huwa na 1:9 au 1:7, na za zamani 1:12. Utasikia watu wakisema kwamba msokoto mkali utaifanya risasi ndogo ipasuke hewani. Piga hesabu: kichwa chenye mwendo wa mita 376 kwa sekunde katika msokoto wa 1:7 kinazunguka karibu mara 2,100 kwa sekunde, na cha .223 katika mtutu huohuo kinazunguka zaidi ya mara 5,000. Hakuna cha kupasuka. Kinachotokea ni kwamba kichwa laini cha madini ya risasi hakishiki mifereji sawasawa, na kasoro yoyote ndogo ya uzito wake hukuzwa na mzunguko huo. Kundi la matundu kwenye shabaha linapanuka. Mwenye mtutu wa 1:9 huwa na matokeo mazuri kidogo kuliko wa 1:7, na wa 1:12 humzidi. Hakuna kati yao atakayeshindana na mtutu halisi wa .22.

Kuna kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji sana, nacho ni nyundo. Risasi ya ukingo inataka pigo kali, kwa sababu pini lazima iukunje ukingo wa shaba. Kama umeweka kifyatulio cha mashindano chenye springi nyepesi ya nyundo, tarajia risasi nyingi zisizowaka. Tena nyundo zilizopunguzwa uzito au zenye umbo lisilo la kawaida juu zinaweza kukwaruzana na tumbo la seti na kuizuia isirudi. Kifyatulio cha kawaida cha kiwandani ndicho kinachoelewana na seti karibu zote.

Ukishaona kwamba unataka usahihi wa hali ya juu, au kwamba utapiga .22 kila wiki na .223 mara mbili kwa mwaka, nunua mwili mzima wa juu uliotengenezwa kwa .22 LR wenye mtutu wake. Seti inamfaa anayetaka kubebea kaliba mbili katika begi moja na kufanya mazoezi ya mikono na kifyatulio.

Kuchagua risasi

Hapa ndipo seti hupendwa au huchukiwa. Bolti inasukumwa na nguvu ya risasi peke yake, kwa hiyo risasi dhaifu haiwezi kuikamilishia safari yake. Risasi za kimyakimya zenye mwendo chini ya sauti, yaani chini ya takriban mita 340 kwa sekunde, ni tamu kwenye bunduki ya bolti ya mkono, lakini ndani ya seti nyingi huacha ganda limebanwa mlangoni.

Chukua risasi za mwendo wa kasi zenye kichwa cha greni 40 (gramu 2.6) kilichopakwa shaba. CCI Mini-Mag ya greni 40, yenye mwendo wa mita 376 kwa sekunde, ndiyo inayotajwa na watumiaji wengi kama kipimo, nami nakubaliana nao: ikiwa seti yako inakwama hata kwa hiyo, tatizo liko kwenye seti au kwenye magazini. Mipako ya shaba ni myembamba mno, lakini inapunguza madini ya risasi yanayobaki mtutuni na katika tundu la gesi, yaani tundu dogo la mtutu linalopitisha gesi ya kuendesha bolti ya asili. Kichwa kisichopakwa chochote, kilichosiribwa nta, kitaiziba seti haraka, na masalia yake yanaingia kila upenyo.

Epuka risasi za kasi kupindukia zenye ganda refu kuliko kawaida, mfano CCI Stinger. Ganda lake ni refu kuliko la .22 LR ya kawaida, na chemba ya seti yako inaweza kuwa imekatwa kwa vipimo vya kubana. Soma kijitabu cha mtengenezaji, na kikikataza, kifuate.

Usichanganye .22 LR na .22 WMR wala .17 HMR. Zote ni risasi za ukingo, ila vipimo vyake ni vingine kabisa.

Kuweka seti

Toa magazini kwanza, halafu koki bunduki na uangalie chemba kwa jicho na kwa kidole. Mdomo wa mtutu uelekee mahali salama muda wote. Ondoa risasi zote za .223 mezani, zirudi kwenye boksi na boksi lifungwe. Sheria yangu ni aina moja ya risasi mezani kwa wakati mmoja, bila kujali una haraka kiasi gani. Risasi ya .22 iliyoingia chemba ya .223 wakati seti haimo itateleza mbele mpaka ukingo wake ukwame shingoni mwa chemba. Mtu asiyeiona anajaribu kupandisha risasi kubwa nyuma yake, na hapo unakuwa na tatizo ambalo halitatuliwi kwa nguvu.

Sukuma pini ya nyuma inayounganisha mwili wa juu na wa chini, ufungue bunduki kama bawaba. Vuta mkono wa kukokia, utoe bolti ya asili pamoja na kibebeo chake. Ifute, uifunge kwenye kitambaa safi na uiweke mfukoni mwa begi. Bolti hiyo ni mali ya bunduki hiyo tu. Imepimwa na chemba yake, na kuiazimisha kwa bunduki ya rafiki si jambo la kufanya.

Tazama ndani ya mtutu ukielekeza kwenye mwanga. Pitisha kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta mengi chembani hukusanya vumbi na masalia ya nta.

Paka tone la mafuta kwenye reli za seti na pande za bolti yake. Usipake ndani ya chemba ya .22. Hakikisha mkono wa kukokia umekaa vizuri kwenye njia yake, kisha telezesha seti, kipande chenye umbo la ganda kikitangulia, mpaka kiingie chembani. Kisukume kwa kidole gumba kwa uthabiti mpaka kikae. Kisipoingia kabisa, usikilazimishe kwa kufunga bunduki kwa nguvu. Kitoe uangalie kuna nini chembani, maana mara nyingi ni uchafu wa safari iliyopita.

Bafa, yaani kizito kinachopokea mshindo wa bolti, na springi yake ndani ya kitako huvitoi wala huvigusi, vinabaki vilivyo. Funga mwili wa juu, uirudishe pini. Katika seti nyingi utahisi nyuma ya seti ikiibana bafa kidogo, na hilo ni la kawaida.

Kabla ya kuweka magazini, jaribu utendaji. Koki, weka kizuizi cha usalama, bonyeza kifyatulio, nyundo isianguke. Ondoa kizuizi, bonyeza, nyundo ianguke. Jaribio hilo moja linatosha. Usiendelee kufyatua kavu, kwa maana pini ya risasi ya ukingo ikikosa ganda inaweza kugonga ukuta wa chemba na kuuumiza, na chemba iliyoumia ukingoni haiwashi risasi vizuri tena. Ukitaka kurudia, weka ganda tupu la .22 lililokwisha tumika ili lipokee pigo.

Kujaza magazini na kupiga za mwanzo

Magazini za seti huonekana kama za kawaida kwa nje, lakini ndani ni nyembamba. Risasi za ukingo zina tabia ya kushikana: ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile iliyo chini yake, ya juu haitasogea mbele. Kwa hiyo ziingize moja moja, kila ukingo ukae mbele ya uliotangulia. Watu hushusha kitufe cha pembeni mpaka mwisho wakamimina risasi kama maharage, kisha wakalaumu seti kwa kukwama. Shusha kitufe kwa kiasi cha risasi moja tu.

Vaa miwani na vikinga masikio. Miwani hasa, kwa kuwa bolti isiyojifunga hufunguka mapema, na chembe za baruti na nta hurushwa kupitia mlango wa ganda. Anayepiga kwa bega la kushoto atazihisi usoni zaidi.

Weka risasi mbili tu kwenye magazini ya kwanza, halafu tano, halafu ijaze. Mtindo huo unakuonyesha mapema kama bunduki inafyatua mara moja kwa kila mbonyezo na kama maganda yanatoka. Seti mpya huwa nzito katika magazini kadhaa za mwanzo, kisha hulainika.

Fahamu kwamba mambo mawili hayatafanya kazi ulivyozoea. Kitufe cha pembeni cha kusukuma bolti mbele hakiigusi seti. Na magazini ikiisha, seti nyingi hazibaki wazi, au hubaki wazi kwa kushikwa na magazini yenyewe na kujifunga ukiitoa. Kwa hiyo usijizoeze kubadilisha magazini kwa haraka ukitumia seti, maana mikono itajifunza kitu ambacho .223 haitakikubali. Jizoeze kulenga, kupumua, kubonyeza kifyatulio, kusimama, kupiga magoti, kusogea kutoka shabaha moja hadi nyingine. Katika hayo seti ni mwalimu mkweli, hata zaidi kwa mtu aliyeanza kuogopa teke na mlio. Mwache apige .22 mpaka aache kufumba macho.

Risasi isipowaka

Kwa risasi za ukingo hili litatokea, hata kwa risasi nzuri. Elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30, kwani kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Kisha toa magazini, koki, na uiangalie. Alama ya pini ikiwa nzito na wazi, risasi ndiyo mbovu. Ikiwa hafifu, tazama springi ya nyundo au uchafu ulioizuia bolti isifunge kabisa.

Mlio ukiwa mdogo isivyo kawaida, au usikie pufu badala ya mlio, simama. Usikoki ukaendelea. Toa magazini, ondoa seti, tazama mtutu toka nyuma mpaka uone mwanga. Kichwa kilichokwama mtutuni hutolewa kwa ufito, na risasi inayofuata ikikikuta humo inaweza kuutanua mtutu.

Kuweka vilengeo

Risasi ya .22 haitagonga pale .223 inapogonga, na tofauti haiko juu na chini tu, mara nyingi iko pembeni pia. Usianze kuzungusha darubini ovyo. Weka shabaha kwa mita 25, piga risasi tano ukilenga katikati, kisha rudia mara mbili. Pima umbali kutoka katikati ya kundi hadi ulipolenga. Sasa una chaguo: kuandika idadi ya mibofyo ya vifundo vya darubini ya kwenda na kurudi kwenye karatasi ndani ya kifuniko cha begi, au kuacha darubini ilivyo na kulenga pembeni kwa makusudi. Ukipiga karibu tu, la pili linatosha. Mimi hupendelea karatasi, kwa sababu kumbukumbu ya mibofyo hupotea ukikaa miezi miwili bila kupiga.

Umbali unaofaa kuweka .22 ni mita 50. Ukiweka hapo, kwa mita 100 itashuka takriban sentimita 12 hadi 17 kutegemea risasi na kimo cha darubini. Kwa mita 10 itagonga chini ya unapolenga kwa sentimita 3 hadi 4, kwa kuwa vilengeo vya AR viko juu ya mtutu kwa sentimita 6 na ushei. Hilo la pili linawashangaza wengi wanaopiga shabaha ndogo za karibu.

Kuhusu ukubwa wa kundi, kwa mita 50 kundi la sentimita 5 hadi 8 kwa mtutu wa 1:7 halina aibu. Likiwa kubwa kuliko hapo, badilisha chapa ya risasi kabla ya kubadilisha kitu kingine. Jaribu tatu au nne, mtutu utachagua wenyewe.

Kurudi kwenye .223

Soma sehemu hii mara mbili.

Kichwa cha .22 kinapotoka kwenye kipande cha seti, kinaruka nafasi fupi kabla ya kufika kwenye mifereji. Nafasi hiyo ni koo la chemba. Masalia ya baruti, nta na madini ya risasi hujikusanya hapo kama pete. Huwezi kuiona kirahisi ukiangalia kutoka mdomoni mwa mtutu. Ukipandisha risasi ya .223 juu ya pete hiyo, inaweza isikae vizuri, au shingo yake ikabanwa isiweze kukiachia kichwa kwa uhuru. Shinikizo linapanda, na hii ni risasi ambayo tayari inafanya kazi kwa shinikizo zaidi ya mara mbili ya .22.

Kwa hiyo ukimaliza .22, toa seti, kisha chukua brashi ya shaba ya chemba ya 5.56, ile yenye sehemu mbili, nene na nyembamba. Izungushe chembani na ndani ya koo mara kadhaa ikiwa na dawa ya kusafishia. Futa kwa kitambaa, kisha pitisha brashi ya mtutu kutoka chembani kwenda mdomoni, na vitambaa mpaka vitoke visafi. Kama huna muda wa kufanya hivyo pale uwanjani, usipige .223 siku hiyo.

Dawa za kawaida zenye amonia huyeyusha shaba, hazifanyi lolote la maana kwa madini ya risasi. Hayo yanataka kusuguliwa. Njia nzuri ni kuviringisha nyuzi za sufi ya shaba safi juu ya brashi iliyochakaa na kuipitisha mtutuni. Jaribu sufi hiyo kwa sumaku kwanza: ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba, itupe. Na usifuate mapishi ya kuchanganya siki na peroksaidi. Mchanganyiko huo hugeuza madini ya risasi kuwa chumvi yenye sumu inayoyeyuka majini, na ukisahau ndani ya mtutu unaweza kuula.

Tundu la gesi ni jambo la mwisho. Ingawa seti haitumii gesi, kila kichwa cha .22 kinachopita huacha kidogo humo. Watengenezaji wengi hushauri kumaliza siku kwa kupiga .223 kadhaa zenye koti la shaba ili shinikizo lake lizibue tundu. Ushauri ni mzuri, mradi chemba na koo vimeshasafishwa. Mwenye kizibo cha gesi kinachorekebishika anaweza kukifunga anapopiga .22 na kukifungua baadaye. Akisahau kukifungua, .223 yake itafyatua mara moja na kutopandisha ya pili, na hapo asianze kulaumu magazini.

Seti yenyewe ifute baada ya kila safari: uso wa bolti, kucha ya kutolea ganda, chemba yake kwa brashi ya .22. Chimba uchafu chini ya kucha kwa kijiti cha mbao. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, na usisafishie bunduki mahali wanapokaa watoto, maana vumbi hilo ni madini ya risasi.

Kwa bunduki za bolti ya mkono

Huko hakuna seti ya kujirudia bali kipande cha chuma chenye umbo la ganda la .223, unachokipakia .22 moja kwa mkono na kukiingiza kama risasi. Kwa kuwa pini ya bunduki hugonga katikati, tundu la kipande hutobolewa pembeni kidogo ili ukingo wa .22 ukae chini ya pini. Risasi inaingia kooni ikiwa haiko katikati kamili, kwa hiyo usahihi ni wa karibu tu, mita 25 hivi. Ganda husukumwa nje kwa kijiti. Kwa mazoezi ya siku nzima kinachosha. Kwa risasi chache tulivu kinafaa, nacho pia kinahitaji koo lisafishwe kabla ya .223 kurudi.

Unaporudisha bolti ya asili, angalia kwanza kwamba hakuna .22 iliyobaki chembani au katika magazini za begi. Paka bolti mafuta, ifunge, jaribu utendaji tena kama mwanzo, halafu anza na risasi moja ya .223 kwenye magazini. Ganda lake likitoka, lichunguze shingoni na kwenye fataki. Fataki iliyobapaa kupita kawaida au shingo yenye mikwaruzo ina maana brashi irudi chembani.